Sindano, waya na masikio yetu

Mwaka jana nilikwenda Tanga kumjulia hali mjomba wangu, kaka mkubwa wa marehemu mama. Niliporudi Dar es Salaam nilikuwa na vitu viwili vya ziada kwenye begi: sahani moja ya santuri iliyofungwa ndani ya kanga, na kibati cha sindano kilicho kidogo kuliko kiganja changu. Juu ya kibati bado anaonekana yule mbwa aliyeinamisha kichwa mbele ya tarumbeta ya gramafoni, ingawa kutu imeshamla miguu. Ndani zimebaki sindano kumi na moja. Nilizihesabu kwenye basi.

Lebo ya sahani ililiwa na mende zamani sana. Mjomba anasema ni taarabu, anayeimba ni mwanamke, na baba yake alikuwa akiipiga barazani kila Ijumaa jioni. Jina la mwimbaji halikumbuki. "Mjomba," akaniambia, "wewe si ndiye mwandishi wa habari? Katafute."

Nyumbani nina mashine ya santuri niliyoinunua mtumba, ile yenye kasi zote tatu. Nikaiweka sahani, nikashusha mkono. Kilichotoka ni mvua. Mvua ya juu ya bati, dakika tatu mfululizo, na mahali fulani nyuma ya mvua kuna mtu anaimba.

Sasa, siku zilezile nilikuwa nimeshikwa na ugonjwa ambao wapenzi wa muziki wanaujua vizuri: ugonjwa wa vikorokoro. Muuzaji mmoja Kariakoo alikuwa ameniuzia jozi ya waya wa kuunganisha mashine na amplifaya kwa shilingi 85,000, pini zake zimepakwa dhahabu. "Kaka, ukiweka hii utasikia vitu ambavyo hujawahi kuvisikia," alisema. Nikaweka. Na kusema kweli, nilivisikia. Besi ilitulia, gitaa likasogea mbele, hata pumzi ya mwimbaji nikaona naipata. Nilimpigia simu mdogo wangu usiku huohuo kumsimulia.

Lakini ile mvua ya sahani ya babu haikupungua hata tone.

Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza swali ambalo nilipaswa kujiuliza kabla ya kutoa pesa: je, hivi vitu vidogo tunavyoongeza kwenye mashine zetu, nyaya, sindano, vishikizo, mikeka ya sahani, kweli vinabadilisha sauti? Nikaanza kusoma, na nikagundua kwamba swali hili si la leo. Limekuwepo tangu watu walipoanza kuleta muziki wa mashine sebuleni. Na jibu lake la kwanza lilikuwa ndani ya kile kibati.

Sindano ya mara moja

Santuri za zamani, zile za kasi ya mizunguko 78 kwa dakika, hazikuwa za plastiki. Zilitengenezwa kwa shelaki, utomvu unaotolewa na mdudu mdogo anayeishi kwenye miti ya India, ukachanganywa na unga wa mawe ili sahani iwe ngumu. Huo unga wa mawe ulikuwa na kazi ya pili. Gramafoni haikuwa na umeme. Nguvu yote ya sauti ilitoka kwenye sindano ya chuma inayotikiswa na kuta za mchirizi, na kichwa kilichobeba sindano hiyo kiliilemea sahani kwa uzito unaozidi gramu 100. Mashine nyingi za leo zinatumia gramu 2 hivi. Kwa uzito ule, sindano mpya isiyolingana na mchirizi ingeukata. Kwa hiyo sahani iliachiwa iinoe sindano: katika mizunguko ya mwanzo unga wa mawe uliisaga ncha ya chuma hadi ikaenea sawasawa kwenye mchirizi.

Tatizo ni kwamba kusaga hakukuishia hapo. Upande mmoja wa sahani ya inchi 10 una mchirizi wenye urefu wa zaidi ya mita 100, na sindano ilisagwa njia nzima. Ikifika mwisho wa wimbo haikuwa sindano tena, ilikuwa patasi ndogo. Ukiirudisha mwanzo wa sahani, ile patasi ndiyo inayoanza kuchonga. Ndiyo maana watengenezaji walisisitiza: sindano moja, upande mmoja, kisha itupe. Ndiyo maana pia zikauzwa kwenye vibati vya mia mbili.

Fikiria basi maana yake kwa mtu wa kawaida wa mwambao miaka ya 1930. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari hadi Bombay kurekodi kwa ajili ya His Master's Voice, wenye yule mbwa. Santuri zao zikaja kuenea pwani yote, na waliokuwa hawana gramafoni walizisikiliza mikahawani na barazani kwa wenye nazo. Shaaban Robert, mtu wa Tanga, aliona maisha ya mwanamke huyu yanastahili kuandikwa, akaandika wasifu wake. Lakini sauti yenyewe haikai kwenye kitabu. Ilikaa kwenye mchirizi wa shelaki, na kila aliyeipenda aliigusa kwa chuma.

Mwenye gramafoni alikuwa ameshalipia mashine, ameshalipia sahani. Sasa anaambiwa kila dakika tatu atupe kitu ambacho kwa macho bado kizima. Nani angekubali? Nilimuuliza mjomba kwa simu baba yake alikuwa akibadilisha sindano mara ngapi. Akacheka. "Sindano? Ikivunjika."

Ugomvi wa wasomi

Ulaya nako watu waligombana juu ya sindano, tena waliogombana ni watu wa vitabu. Aprili 1923 mwandishi wa riwaya Compton Mackenzie, ambaye baadaye angeandika *Whisky Galore*, alianzisha London jarida liitwalo *The Gramophone* pamoja na shemeji yake Christopher Stone. Lilikuwa jarida la kuhakiki santuri kama vitabu vinavyohakikiwa. Haikuchukua muda kurasa zake zikajaa pia mambo ya vikorokoro: chuma au mwanzi? Sindano nene yenye sauti kubwa au nyembamba yenye sauti laini?

Ndiyo, mwanzi. Kulikuwa na sindano zilizochongwa kwa mwanzi, zenye pembe tatu, ambazo mtu alizikata upya ncha kwa mkasi maalumu baada ya kila upande. Baadaye zikaja za miiba, ambazo zilinolewa kwa msasa. Wafuasi wake walisema chuma ni ukatili kwa sahani. Wapinzani wakasema mwanzi unafunika sauti kama mtu anayeimba ndani ya blanketi. Nikiwasoma leo naona kwamba pande zote mbili zilikuwa na haki. Mwanzi kweli uliuonea mchirizi huruma, na kweli ulimeza sauti za juu. Hawakuwa wakibishania ndoto. Kitu kilichogusa sahani kilikuwa kimebadilika, na sauti ilibadilika pamoja nacho.

Katika jarida hilohilo, mwaka 1924, Percy Wilson alieleza kwa hesabu jambo ambalo wengi hawakulifikiria. Mkono wa gramafoni umefungwa upande mmoja, kwa hiyo sindano haisafiri kwa mstari ulionyooka kuelekea katikati. Inasafiri kwa upinde. Matokeo yake, sehemu kubwa ya sahani sindano inakaa upande, kama tairi lililopinda, na inakwaruza. Ukiupinda mkono kidogo na kuusogeza mahali pake, kosa linapungua sana. Haikuhitaji mashine mpya, ilihitaji kipimapembe na dakika chache za uvumilivu. Wenye mashine za santuri leo bado wanafanya kazi hiyohiyo.

Mwaka uleule wa 1924 Thomas Mann alichapisha *Der Zauberberg*, riwaya ya wagonjwa wa kifua kwenye milima ya Uswisi. Kuelekea mwisho wa kitabu hospitali inanunua gramafoni, na kijana Hans Castorp anajifanya mlinzi wake. Hofu yake ni kwamba wagonjwa wenzake watapiga sahani kwa sindano zilizochakaa na kuziacha ovyo kwenye viti. Niliposoma sehemu hiyo zamani, chuoni, niliona ni kichekesho cha mtu mwenye wasiwasi. Safari hii, nikiwa na sahani ya babu mezani, sikucheka.

Gizani

Mpaka hapa hadithi iko wazi: kitu kidogo kina maana. Lakini kuna upande mwingine wa historia, na huu ndio ulionirudisha kwenye ule waya wa shilingi 85,000.

Thomas Edison naye aliuza mashine ya sahani, na alijivunia kwamba haikuhitaji kubadilishwa sindano: ncha yake ilikuwa almasi ya kudumu. Kuanzia mwaka 1915 kampuni yake ilizunguka Marekani na maonyesho ya ajabu. Mwimbaji anasimama jukwaani kando ya mashine. Anaimba pamoja na sauti yake iliyorekodiwa, kisha ananyamaza mashine iendelee, kisha anaingia tena. Halafu taa zinazimwa. Muziki unaendelea gizani. Taa zikiwashwa, watu wanakuta jukwaani ipo mashine peke yake; mwimbaji aliondoka kimyakimya na hakuna aliyetambua.

Tunajua mashine zile zilivyosikika, kwa sababu sahani zake zipo. Zinakwaruza. Besi hakuna. Mtoto wa leo asingedanganyika kwa sekunde moja. Lakini wale watu hawakuwa wajinga. Walikuwa wamelelewa na mashine mbaya zaidi, wameambiwa wasikilize ufanano, na waimbaji nao walisaidia: Anna Case, mmoja wa nyota wa maonyesho hayo, alikuja kukiri baadaye kwamba alikuwa akiibana sauti yake ifanane na ya mashine. Masikio yalisikia kile ambacho ukumbi mzima ulikuwa umekuja kukisikia.

Miaka sitini hivi baadaye, hukohuko Marekani, mchezo ulihamia kwenye waya. Hapo kabla mtu alifunga spika zake kwa waya wa kawaida wa taa, na hakuna aliyejali. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mhandisi mmoja aliyekuwa pia mpiga ngoma, Noel Lee, alianza kulinganisha nyaya nene na nyembamba nyumbani kwake, akaamini anasikia tofauti, akaanzisha kampuni ya Monster Cable huko California. Waya ukapewa jina, boksi na bei. Wenye maduka waliupenda, maana faida kwenye amplifaya ni ndogo na wateja wanaijua bei yake. Bei halali ya waya nani anaijua?

Agosti 1983 jarida la *Stereo Review* lilichapisha jaribio la Laurence Greenhill. Wasikilizaji walilinganisha waya wa Monster, waya wa taa mnene wa kawaida, na waya mwembamba sana, bila kujua upi unapiga. Waya mwembamba sana waliweza kuutofautisha, hasa kwa sauti ya majaribio inayofanana na maporomoko ya maji. Lakini sauti ziliposawazishwa na muziki ukapigwa, waya wa taa mnene na waya wa Monster havikuachana. Mwaka 2007 James Randi, mwanamazingaombwe aliyetumia maisha yake kuumbua wadanganyifu, alitoa changamoto ya dola milioni 1 kwa atakayeweza kutambua kwa masikio tu nyaya fulani za spika zilizouzwa kwa zaidi ya dola 7,000. Mazungumzo yalivunjika. Jaribio halikufanyika.

Hesabu yake haihitaji shahada. Chukua spika ya omu 8 iliyo mita 5 kutoka kwenye amplifaya. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo unapita mita 10 za shaba. Ukitumia ule waya wa milimita 2.5 ambao fundi anauvuta kwenye soketi za nyumba yako, ukinzani wake ni kama omu 0.07. Karibu nguvu yote inafika kwenye spika. Ukitumia waya mwembamba kama wa chaja ya simu, unafikia omu 0.8, na sauti inashuka kwa karibu desibeli 1. Hiyo sikio makini linaweza kuipata. Kwa hiyo kutoka waya mbovu kwenda waya wa kutosha kuna hatua ya kweli. Kutoka waya wa kutosha kwenda waya wa bei mbaya, hesabu haikuonyeshi kitu cha kusikia.

Na hapo kuna mtego ambao umewanasa wengi. Sauti mbili zikiwa sawa ila moja imezidi kidogo sana kwa ukubwa, hatuisikii kama kubwa. Tunaisikia kama nzuri: iko wazi, ina uhai, ina besi. Muuzaji akiigusa kidogo tu ile swichi ya sauti wakati anabadilisha waya, hata kwa bahati mbaya, tayari umeshauza figo.

Nyuma ya kanga

Nikaona nisiwasingizie Wamarekani peke yao. Nikamwita mdogo wangu, yuleyule niliyempigia simu. Tukatundika kanga mbele ya mashine, mimi nikakaa kwenye kochi. Akawa anarusha sarafu: mwenge, waya wa dhahabu, upande wa pili, waya uliokuja na mashine, ule wa bei ya chai na chapati mbili. Kila mara anachomoa na kuchomeka, hata kama anarudisha uleule, ili nisikisie kwa kusikiliza mikono yake. Swichi ya sauti hatukuigusa. Wimbo mmoja, dakika moja, mara kumi. Mimi naandika.

Nilikuwa na uhakika. Nataka hilo lieleweke. Nilipokuwa naandika "dhahabu" nilikuwa nasikia dhahabu.

Nilipata tano kati ya kumi. Mdogo wangu alisema angeweza kurusha ile sarafu tu na kuniacha nilale.

Mara kumi si utafiti, najua. Lakini kazi yangu ni kuwauliza watu walichoona na walichosikia, halafu kuandika kwamba walikiona na walikisikia. Jioni ile nilikumbuka mashahidi wangapi wameniambia kitu kwa uhakika uleule niliokuwa nao mimi kwenye kochi. Mtu anaweza kuwa mkweli kabisa na bado akawa amekosea.

Basi nikajiuliza upya: kama waya si kitu, nini ni kitu? Kwa kilichobaki cha mwezi nilijaribu mambo yasiyo na bei. Nilizitoa spika kwenye pembe za chumba, nikazisogeza mbele kidogo tu. Besi iliyokuwa inavuma kama lori ikakaa sawa, kwa sababu pembe ya kuta mbili inazidisha sauti za chini. Nilitandika zulia sakafuni mbele ya spika, vigae vikaacha kurudisha mwangwi. Hapo sikuhitaji kanga wala sarafu. Mke wangu aliyekuwa jikoni aliuliza nimefanya nini. Nchi nzima tuna sabufa zilizobanwa pembeni kati ya televisheni na kabati, tunalalamika zinavuma, halafu tunakwenda kununua waya.

Kuna kikorokoro kimoja cha nyumbani ambacho nacho kinafanya kazi, ila kwa ubaya: ile sarafu tuliyokuwa tunaona imebandikwa juu ya kichwa cha mkono wa mashine ili santuri isiruke. Kweli haitaruka. Lakini sarafu ya gramu kadhaa imezidisha mzigo wa sindano mara mbili au tatu, na kila wimbo unaopigwa hivyo unalipa. Unanunua usiku mmoja wa muziki kwa sauti ya miaka ijayo.

Kurudi kwenye mvua

Nilipofika hapo ndipo nikaitazama sindano ya mashine yangu. Ilikuwa ni ya LP, santuri za plastiki zilizokuja mwaka 1948 na michirizi myembamba. Ncha yake ni mikroni 18 hadi 25. Santuri za shelaki zinataka ncha ya mikroni 75 hivi, mara tatu. Nilikuwa nimeingiza sindano ya kushonea hariri kwenye gunia. Haikugusa kuta za mchirizi mahali sauti ilipo. Ilikuwa inaburuzika chini kabisa, kwenye vumbi na mikwaruzo ya miaka tisini.

Niliagiza sindano ya saizi inayofaa. Bei yake haikufika ya ule waya. Siku ilipofika niliichomeka, nikashusha mkono, na yule mwanamke akatoka nyuma ya mvua. Hakutoka wote. Lakini nilisikia fidla, nikasikia udi, nikasikia anavuta maneno.

Rafiki mmoja wa Unguja anayehifadhi santuri na kanda akanifundisha mawili zaidi. La kwanza: sahani hizi zimerekodiwa kwa mtikisiko wa kulia na kushoto tu, lakini mashine ya stirio inasoma pia mtikisiko wa juu na chini, ambako kwenye sahani ya zamani hakuna muziki, kuna uchafu. Ukiunganisha njia zote mbili kuwa moja, sehemu kubwa ya uchafu huo inajifuta yenyewe. Kazi hiyo inafanywa na vipande viwili vya waya wenye umbo la Y. Nilivipata Kariakoo, mtaa uleule, kwa shilingi 4,000 vyote viwili. Kumbe kuna waya unaobadilisha sauti. Hauna dhahabu.

La pili ndilo lililonigusa zaidi. Sindano mbovu ya zamani haikuharibu ukuta mzima wa mchirizi. Ilikula kimo fulani, pale ilipokuwa inagusa. Juu yake au chini yake kidogo, ukuta unaweza kuwa bado mzima. Kwa hiyo wahifadhi wanakuwa na sindano za saizi nyingi, zinazopishana kwa mikroni chache, na wanajaribu moja baada ya nyingine kutafuta mahali ambapo mwenye gramafoni hakufika. Yeye alikuwa nazo saba. Tulikaa mchana mzima. Ya tatu ilikuwa bora kuliko yangu. Ya nne ikarudisha mvua. Tukarudi kwenye ya tatu.

Kisha akaigeuza sahani. Kwa sindano yangu ya LP pande zote mbili zilikuwa zimevuma sawa, sikuwa nimeona sababu ya kuujali upande wa pili. Safari hii sauti ilitoka safi kiasi kwamba rafiki yangu alinyanyuka kwenye kiti. Mwimbaji yuleyule, fidla ileile. Alipokuwa anavuta pumzi kati ya beti ilisikika.

Hebu tazama hilo kama jaribio. Sahani moja, shelaki moja, bila shaka siku moja ya kurekodiwa. Mashine moja, nyaya zilezile, chumba kilekile. Kilichotofautisha pande mbili ni idadi ya safari ambazo sindano isiyobadilishwa ilipita. Hakuna tangazo la biashara lililowahi kunionyesha wazi namna ile kitu kidogo kinavyoweza kufanya.

Mwezi uliofuata nilirudi Tanga na nyimbo zote mbili kwenye simu na spika ndogo. Mjomba aliomba kwanza ile ya Ijumaa. Aliisikiliza macho yamefumba, mkono unapiga paja. Mvua bado ipo, kwa mbali. Haikumsumbua. Nikampigia upande wa pili. Akafumbua macho, akasikiliza mpaka mwisho.

"Huu baba alikuwa haupendi," akasema. "Alisema unahuzunisha."

Nikamweleza habari ya sindano, kwamba ule wimbo alioupenda ndio aliousaga, na ule alioupuuza ndio uliotufikia. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama zile kumi na moja za kwenye kibati bado ninazo. Nikamwambia ninazo. Akasema zile ni mpya, baba yake alikuwa akizitunza.

Jina la mwimbaji bado sijalipata. Nimeshawapelekea wazee watatu wa Unguja na mmoja wa Pangani. Wawili wametaja majina mawili tofauti, kila mmoja kwa uhakika kamili.